Ugomvi ukianza, jishike kwanza wewe: maelekezo ya mjumbe wa baraza la usuluhishi

Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Ngamiani, Tanga, na ni mjumbe wa baraza la usuluhishi la ndoa kwenye kata yetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro wa wanandoa upite kwenye baraza kama letu kabla mtu hajaenda mahakamani kudai talaka, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano. Kwa hiyo wanaotufikia wameshagombana sana. Wameshapita kwa wazazi, kwa mshenga, kwa sheikh au mchungaji, na wanakuja wamechoka. Wengi wao wanayajua makosa ya mwenzao kwa tarehe na kwa mashahidi. Lakini ukimuuliza mtu yeye mwenyewe alikuwa katika hali gani dakika ile neno lilipomtoka, hana jibu. Kazi ipo hapo, na inaweza kufanyika nyumbani kabla ya kufika kwetu.

Naandika zaidi kwa mume na mke, ila ndugu, mawifi, wapangaji wa nyumba moja na wafanyakazi wa ofisi moja nao watapata chao. Mifano nimeichanganya na kuibadilisha ili asitambulike mtu, maana yanayosemwa barazani si ya kutembezwa mtaani.

Jambo moja nataka nilitenge na mengine yote. Kama unapigwa, unatishiwa maisha au unafungiwa ndani, usiyatumie maelekezo haya kumtuliza anayekufanyia hivyo. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vingine. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea hospitali, utibiwe, na usiku huo ulale kwa watu unaowaamini. Nimewavua nguo wanawake wodini nikaona migongo yao, na wengine walikuwa wameambiwa na watu wazima wenye heshima zao kwamba wavumilie. Mimi sitakuambia uvumilie.

Jua mwili wako unavyokuwa

Hasira inafika mwilini kabla haijafika mdomoni. Ubongo ukihisi umeshambuliwa, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini. Moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, kinywa kinakauka. Yote haya hutokea ndani ya sekunde chache, na mtu asiyejichunguza hujikuta ameshafoka huku akiamini kwamba ameamua mwenyewe kufoka.

John Gottman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani, aliwachunguza wanandoa kwa miaka mingi, akiwafunga vifaa vya kupima moyo huku wakizungumzia yanayowagombanisha. Alichokiona ni kwamba mtu aliyekaa tu kitini, mapigo yake yakipita 100 hivi kwa dakika, uwezo wake wa kusikiliza unashuka sana. Anasikia tusi hata pale ambapo hakuna tusi. Mimi niliposikia habari hiyo niliipokea haraka, kwa sababu mapigo ya moyo ni kitu ambacho mtu yeyote anaweza kujipima bila kifaa.

Jipime leo, ukiwa huna ugomvi na mtu. Kaa chini dakika chache. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa ndani, chini ya kidole gumba. Usitumie kidole gumba kupimia, kina mapigo yake yatakayokuchanganya. Hesabu kwa nusu dakika, kisha zidisha kwa mbili. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Andika namba yako mahali. Siku mazungumzo yakianza kuwa makali, gusa hapo. Kuhesabu kikamilifu hutaweza, lakini utahisi kama moyo umekimbia.

Pamoja na mapigo, kila mtu ana dalili yake inayotangulia, na lazima uijue ya kwako. Kuna ambaye masikio yanapata moto. Kuna anayebana taya, anayesikia tumbo likikaza, anayeanza kuzungumza haraka, ambaye machozi yanakuja kabla hajajua analilia nini. Wapo pia wanaopoa: uso unakuwa mkavu, majibu yanakuwa "sawa" na "hamna shida", na anaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Hawa hujidhania kwamba hawana hasira kwa kuwa hawafoki. Kununa ni hasira kamili, na mwenzako anayeishi na mtu aliyenuna siku tatu anaumia sawasawa na aliyefokewa. Kama huijui dalili yako, muulize mtu aliyekaa na wewe muda mrefu. Dada yako atakuambia mara moja.

Omba nafasi, na useme utarudi saa ngapi

Ukishaona dalili, usiendelee kubishana. Sema maneno machache, kwa mfano: "Naona nimepanda. Sitaki niseme neno nilijutie. Nipe nusu saa, nikirudi tunaongea." Ile sehemu ya mwisho ndiyo yenye uzito. Ukiondoka bila kusema utarudi, mwenzako anahesabu umemdharau, na anakufuata hadi mlangoni. Ukitaja muda, ukarudi kweli kwa muda huo, baada ya mara chache ataanza kukuamini na kukuachia.

Gottman anashauri mapumziko yasiyopungua dakika 20, kwa sababu adrenalini haiondoki kwenye damu kwa kuambiwa. Najua ushauri wa namna hii mara nyingi huandikwa na watu wenye nyumba za vyumba vingi. Wengi wetu tunaishi chumba kimoja, watoto wamelala kwenye godoro pembeni, koridoo ni ya wapangaji wote na bafu lina foleni. Huna chumba kingine cha kwendea. Basi toka ukakae kibarazani. Nenda dukani ukanunue kiberiti hata kama kipo. Chukua ndoo uende bombani. Kwa mwanamke, usiku, hayo nayo yana mipaka, kwa hiyo hata kugeukia ukutani ukiwa umekaa kitandani inatosha, ilimradi mmekubaliana mapema kwamba mmoja akigeuka hivyo mwingine anyamaze. Makubaliano hayo yafanyeni siku ya amani, mkiwa mnakula.

Mafundisho ya dini zetu yanalijua hili siku nyingi. Mtume Muhammad (S.A.W.) ameelekeza kwamba mwenye hasira akiwa amesimama akae, na isipomtoka alale. Waraka wa Yakobo nao unamtaka mtu awe mwepesi wa kusikia na asiwe mwepesi wa kukasirika. Kule kuketi tu kuna faida ya wazi: mwili ulioketi unapunguza kujiandaa kupigana.

Sasa, ndani ya dakika hizo ufanye nini? Pumua. Vuta pumzi taratibu kwa kuhesabu hadi nne, itoe kwa kuhesabu hadi sita au saba. Pumzi inayotoka ikiwa ndefu kuliko inayoingia, ile neva inayopunguza kasi ya moyo inaamka, na utausikia moyo ukishuka. Nimewafanyisha hivi kina mama leba na wagonjwa wenye hofu ya sindano. Usichotakiwa kufanya ni kuutumia muda huo kutunga kesi. Watu wengi wanatoka nje wakiwa na kosa moja la mwenzao na kurudi wakiwa nalo na mengine kumi. Ukijikuta unapanga majibu, usijigombeze. Tambua tu kwamba akili imeondoka, irudishe kwenye pumzi. Itaondoka tena, uirudishe tena.

Tenga ulichokiona na ulichokidhani

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu nimeiona ikifungua mafundo yaliyoshindikana kwa wazee.

Walikuja mume na mke, na mke alidai mumewe hampi matumizi. Mume akasema anatoa kila siku. Mke akakubali, ndiyo, pesa anaiacha. Wajumbe tukabaki tunatazamana. Mwenyekiti akamwomba mke asimulie asubuhi moja tu, tangu mume anapoamka, bila kusema mumewe ni mtu wa namna gani. Akasimulia. Anaamka saa kumi na moja, anaoga, anavaa gizani, anaweka noti ya elfu tano chini ya chupa ya chai, anatoka, anaurudisha mlango polepole. "Kama mtu anayemwachia hela msichana wa kazi," akamalizia, na sauti ikakatika.

Mwenyekiti akamsimamisha hapo. Chupa ya chai, elfu tano, mlango: hayo umeyaona kwa macho. Msichana wa kazi: hilo umelidhani. Kisha akamgeukia mume, akamuuliza kwa nini anaweka pesa pale badala ya kumpa mkononi. Yule baba alikaa kimya muda mrefu akizungusha kofia yake. Akasema elfu tano haitoshi, na yeye anajua haitoshi. Biashara imeshuka, na hawezi kusimama pale kumtazama mkewe akiipokea. Mke hakuwahi kulisikia hilo. Alikuwa akiishi na dharau ambayo haikuwepo, na mumewe akiishi na aibu ambayo hajaikiri hata moyoni mwake, sembuse kwa mkewe.

Ukiwa umetulia, chukua karatasi, ikunje katikati. Upande mmoja andika yale tu ambayo kamera ingeyanasa: alisema nini, alifanya nini, saa ngapi. Upande wa pili andika ulichokielewa wewe. Halafu, kwa kila ulichokielewa, lazimisha akili ikutafutie maelezo mengine mawili yanayowezekana. Si lazima uyaamini, unachotaka ni kuona kwamba yapo. Wala sisemi kwamba kila mara utagundua mwenzako ni malaika. Kuna siku dharau ni dharau kweli, na karatasi itakuonyesha hivyo vilevile, kwa sababu upande wa kwanza utakuwa umejaa. Lakini hapo utakwenda kuzungumza ukiwa na mambo ya kushika.

Ipe hisia jina lake

Wodini, saa ya kuona wagonjwa ikiisha, kulikuwa na ndugu waliotufokea mlangoni hadi mishipa ya shingo inasimama. Ukimkalisha mtu huyo kwenye benchi ukamuuliza amelala lini, mara nyingi analia. Ilikuwa hofu, ila ilitoka na mavazi ya hasira. Nyumbani ni hivyohivyo. Hasira mara nyingi iko mbele, nyuma yake kuna aibu, wivu, upweke, unyonge, kuvunjika moyo, au uchovu mtupu wa mtu aliyesimama kutwa nzima.

Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, walichapisha utafiti ambamo watu walionyeshwa picha za nyuso zenye hisia kali huku ubongo wao ukipigwa picha. Walipoitaja hisia kwa neno, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari ilipunguza kazi. Kwa hiyo kujiambia kimoyomoyo "hii ni aibu" kuna nguvu yake mwilini.

Jiulize swali hili: kama hii isingekuwa hasira, ingekuwa nini? Usikubali jibu la "ananiudhi", hilo linamhusu yeye. Tafuta neno linalokuhusu wewe. Wanaume wa pwani, na wa bara pia, wamelelewa kuamini kwamba hasira ndiyo hisia pekee isiyowatia doa. Kwao zoezi hili ni gumu zaidi, na nawaomba walifanye hata kama wako peke yao na hakuna atakayejua.

Mkirudi kuongea

Sema kilichotokea, sema ulivyohisi, sema unachoomba. "Jana ulirudi saa nne usiku na hukupiga simu. Niliingiwa na hofu, nikadhani umepata ajali. Nakuomba ukichelewa unitumie hata ujumbe mfupi." Linganisha na "Wewe hujali familia, ndivyo mlivyo kwenu." Anayesikia la kwanza ana kitu cha kujibu. Anayesikia la pili ana ukoo mzima wa kuutetea.

Ombi liwe dogo na la kupimika. "Ubadilike" halipimiki. "Jumamosi ukae na watoto mimi niende sokoni Mgandini" linapimika.

Kuna mambo ya kuyaacha nje kabisa: wazazi wa mwenzako, mtu wa zamani wa kumlinganisha naye, siri aliyokuambia siku ya mapenzi, na neno talaka. Kwa Waislamu neno hilo lina uzito wa kisheria, na wanazuoni wana mjadala mrefu kuhusu linalotamkwa katika hasira kali. Usijifikishe mahali ambapo ndoa yako inategemea mjadala huo.

Halafu sikiliza kwa utaratibu. Barazani tuna desturi: kabla hujamjibu mwenzako, rudia alichosema kwa maneno yako mpaka yeye aseme, "Ndiyo, ndivyo nilivyosema." Wengi wanashindwa mara ya kwanza. Wanarudia walichokitarajia. Mwenzao anatikisa kichwa, wanajaribu tena, na katika kujaribu huko sauti zinashuka zenyewe. Nyumbani mnaweza kuifanya bila mjumbe. Unaposikiliza, endelea kujichunguza: moyo ukianza kukimbia tena, sema tu, mpumzike tena.

Kanga, stetasi na vijembe

Nazipenda kanga na nimezigawa kwenye harusi nyingi. Lakini sisi wa pwani tunajua kwamba kanga inaweza kuvaliwa ili jirani anapopita alisome jina la kanga, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Siku hizi kazi hiyo imehamia WhatsApp. Mke ameudhiwa na wifi, anaweka maneno ya mafumbo kwenye stetasi, watu arobaini wanasoma, kumi kati yao wanadhani ni wao, na wifi mwenyewe hajafungua simu. Tumewapokea wanawake marafiki walioachana kwa fumbo ambalo halikuwa lao.

Ukijikuta unatafuta fumbo la kuposti, simama, jipime mapigo. Kinachokutuma ni kutaka yule mtu aumie bila wewe kuonekana umeumia. Zima simu. Kama lipo la kusema, mtafute ana kwa ana, au umpigie. Ujumbe wa maandishi tumia kupanga muda wa kuonana tu, kwa sababu maandishi hayana sauti, na msomaji mwenye hasira huyasoma kwa sauti mbaya kuliko zote.

Najua si kila mtu anaambiwa ana kwa ana. Mama mkwe hakabiliwi hivyo, wala baba mkwe. Kwao pitia kwa shangazi, kwa somo yako, kwa mshenga, au mumeo amwambie mama yake mwenyewe, jambo ambalo wanaume wengi wanalikwepa na hawapaswi. Ila kabla hujamwita mtu wa kati, jiulize kwa ukweli: nataka msaada, au nataka jeshi? Anayetaka msaada anamsimulia mtu mmoja na anataja na makosa yake. Anayetaka jeshi anasimulia upande wake kwa watu sita, kisha yeye akipatana na mumewe, wale sita wanabaki na kinyongo kwa niaba yake.

Mazoezi ya siku za amani

Huwezi kujifunza kuogelea siku boti inazama. Tenga dakika tano kila siku, mahali pamoja, ukae uangalie pumzi tu. Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa zoezi la namna hii mwaka 1979, katika shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa watu wenye maumivu sugu na msongo, na leo linafundishwa hospitalini nchi nyingi. Kwa mwenye kuswali, dakika baada ya salamu kabla ya kunyanyuka kwenye mswala zinafaa sana. Kwa asiyeweza kukaa kimya, kuosha vyombo kwa kuhisi maji na sabuni, bila redio wala simu, kunafaa pia.

Wengi huniuliza: na kama mwenzangu hataki kufanya haya? Fanya wewe. Ugomvi unahitaji wawili wapande pamoja, na mmoja akishuka mara kwa mara mwingine huona amebaki akifoka peke yake. Mpe miezi michache. Ukiona umetulia, umesema kwa utaratibu, umeomba dogo linalopimika, na bado hakuna kinachosogea, hapo umeshajua kwamba tatizo halipo kwenye hasira yako, na ni wakati wa kuomba watu wa kuwasikiliza nyote wawili.

Mkiamua kuja barazani, njooni wote wawili siku mliyopangiwa, bila watoto. Kila mmoja aje na jambo moja kubwa, si orodha, na ile karatasi iliyokunjwa katikati kama anayo. Tukishindwa kuwapatanisha tunatoa hati inayoonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana, na mwenye shauri anaendelea nalo mahakamani. Wazazi na marafiki waacheni nyumbani mpaka baraza liwaite. Na mje mmekula, maana kikao kinaweza kuchukua asubuhi nzima.